Uliza Bwana Shamba: Jani kama karoti, ila karoti hamna

Mwezi huu meseji zimenijaa, na ukiondoa mbili tatu za minyoo ya kuku karibu zote zinauliza kitu kimoja, yale majani yaliyochipuka baada ya mvua kando ya barabara na kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, huku Arusha na maeneo ya jirani. Kwaiyo safari hii ni magugu tu, wa kuku mtanisamehe hadi toleo lijalo.

Shikamoo Bwana Shamba. Nyuma ya nyumba yangu kuna majani yalijiotea, mi nikajua ni karoti maana pale ndo namwaga maganda ya jikoni, nikayaacha na kuyamwagilia kabisa mwezi mzima. Nilipokuja kung'oa chini hamna karoti, kuna kamzizi tu, na tangu siku hiyo mikono inawasha, leo siku ya nne. Jirani anasema ni bangi mwitu. Nimeotesha nini? – Mama wa watatu, Njiro

Marahaba mama, na pole kwa mikono. Kwa maelezo yako na ile picha uliyotuma, hilo ni gugu karoti, na wala usijione mjinga maana jina lenyewe limetokana na kosa hilo hilo ulilofanya wewe. Asili yake ni huko Amerika ya kati na visiwa vya Karibi, Tanzania liliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010 na lilionekana hapa hapa Arusha, sasa hivi limeshazagaa mpaka watu wanadhani lilikuwepo enzi za babu.

Namna ya kulijua ni hivi. Likiwa dogo majani yanalala chini yamejitandaza kama sahani, rangi ya kijani iliyopauka kidogo, yamechanikachanika kama ya karoti au giligilani na ukiyagusa yana manyoya laini. Baada ya hapo linanyanyua shina, na shina ndo kitambulisho chenyewe, lina michirizi ya mifereji kutoka juu mpaka chini, linatawanya matawi juu na linaweza kukufika kifuani au kukupita kabisa kama ardhi ina rutuba. Maua ni meupe, madogo sana, ukikata koliflawa ukachukua vile vipunje vya juu ndo yanavyofanana, na ukisogeza jicho karibu utaona kila kimoja kina pembe tano.

Bangi mwitu ni mmea mwingine kabisa. Ukilipondaponda jani la bangi mwitu harufu inakaa mkononi mpaka jioni, majani yake yana meno pembeni na maua ni marefu membamba ya rangi ya manjano iliyofifia. Wengine wanachanganya na mashonanguo, ila mashonanguo si utajua tu, unatoka shambani suruali imejaa vishona. Na karoti yenyewe ikiachwa itoe maua inatoa kama mwavuli, gugu karoti halitoi mwavuli.

Kuhusu mikono, huo mmea una kemikali ambayo ngozi za watu wengi haziipendi, na ubaya wake ni kwamba kadri unavyoligusa mara nyingi mwili unazidi kulichukia, mtu anaanza na muwasho mdogo, msimu wa tatu anavimba mpaka uso. Wengine chavua inawapanda puani, mafua hayaishi, na mwenye pumu ndo kabisa asisogee. Osha kwa sabuni na maji mengi, usijikune, na kwa kuwa umeshafika siku ya nne nenda kituo cha afya uwaambie ulishika nini. Kung'oa yaliyobaki mpe mtu mwingine, avae glavu za mpira, mikono mirefu na barakoa. Na watoto watatu hao wasicheze hapo nyuma kwa sasa.

Bwana Shamba habari. Nina ng'ombe wanne wa maziwa, nawakatia majani kando ya barabara ya kwenda Kisongo. Wiki mbili sasa wateja wananirudishia maziwa wanasema ni machungu, na mimi mwenyewe nimeonja ni kweli. Nimebadilisha ndoo, nimebadilisha kijana wa kukamua, bado. Inaweza kuwa haya magugu? – Mfugaji mdogo

Kijana wa watu umemfukuza kwa kosa la jani. Mrudishe kama hajapata kazi.

Ndiyo, ni haya magugu. Ng'ombe akiwa huru malishoni na nyasi zipo halili gugu karoti, analikwepa, ila ukimkatia ukamletea limechanganyika na nyasi au kipindi cha ukame ambapo kijani pekee kilichobaki ni hicho, atakula. Uchungu unapita mpaka kwenye maziwa, na nyama nayo inaharibika ladha. Hapo bado ni nafuu, India waliwahi kufanya majaribio ya kuwalisha ng'ombe na nyati, wakaona gugu likifika kati ya asilimia 10 na 50 ya chakula mnyama anaweza kufa. Kwaiyo acha kukata barabarani kwanza, au kama lazima ukate basi chambua kabla hujapakia, usichambulie nyumbani kwenye hori maana mbegu zinadondoka hapo hapo. Maziwa yatarudi kawaida wakishaacha kulila. Na samadi ya kipindi hicho usiigawe kwa watu wa bustani, irundike iive vizuri kwanza.

Hili la samadi nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua lori zima la samadi kwa ajili ya sukuma wiki na mchicha wangu, bei nzuri, mwenye mali mwenyewe ni mtu wa heshima zake, wala sikuangalia imetoka zizi gani. Mvua za vuli zilipoanza bustani yote ikawa zulia la gugu karoti, mimi bwana shamba, majirani wanapita wanacheka. Nimeng'oa misimu mitatu mfululizo ndo ikapungua. Mmea mmoja uliokomaa unatoa mbegu 15,000 mpaka 25,000, ndogo nyeusi nyepesi, zinasafiri na maji, upepo, tope la tairi, kwato, mchanga wa ujenzi, moramu, nyasi kavu za kuuza, mbegu za kienyeji zisizopepetwa vizuri, yaani chochote kinachotembea. Angalieni barabara mpya zinapojengwa, mwaka unaofuata gugu liko pande zote mbili kama limepandwa kwa kamba.

Kaka, nimelipiga dawa ya kuua magugu (glaifoseti) mara mbili, likanyauka, baada ya mwezi limerudi zito kuliko mwanzo. Dawa feki au? Nimeshatumia hela nyingi. – Kijana wa Ngaramtoni

Dawa feki zipo, siwezi kuapa kuwa yako siyo, lakini hata ukipiga dawa halali kwa namna ulivyonieleza ungepata matokeo hayo hayo. Umesema ulipiga likiwa limeshachanua. Likishachanua umechelewa ndugu yangu, hapo unaua mama wakati watoto elfu kumi wameshalala udongoni wanasubiri mvua, na mbegu zikifukiwa zinaweza kukaa miaka kadhaa bila kufa. Alafu glaifoseti haichagui, ikaua na nyasi zote zilizokuwa zinalibana, ukaliachia uwanja mtupu lenyewe. Kuna nchi gugu hili limeshaanza kuizoea hiyo dawa haifanyi kitu tena.

Fanya hivi, na sehemu kubwa ya hii haihitaji hela. Hili gugu kutoka kuota mpaka kutoa ua la kwanza linachukua wiki nne tu hivi mpaka sita, hilo ndo dirisha lako. Mvua zikinyesha hesabu wiki mbili tatu, ingia shambani udongo ukiwa bado na unyevu ulivute na mzizi wake wote. Usifyeke! Sijui nani aliwafundisha watu kufyeka gugu karoti, ukilifyeka linachipua chini matawi matano mahali pa moja na linatoa maua likiwa fupi huwezi hata kuliona kwenye nyasi. Ukishang'oa machanga ambayo hayana ua yaache yakauke juani hapo hapo mizizi ikiwa juu. Yenye maua usiyatikise, yatie kwenye kiroba taratibu, yakaushe sehemu moja uyachome au uyafukie chini kabisa, na hayo siyo ya kutupa kwenye shimo la mboji. Kuchoma shamba zima likiwa limesimama hapana, unaua nyasi na mbegu zilizo chini ya udongo wala hazijui kama kulikuwa na moto.

Kisha rudi. Baada ya wiki tatu rudi tena, kila mvua rudi, msimu huu na ujao na wa tatu. Najua unataka nikuambie dawa moja ya kumaliza, ningekuwa nayo nisingekuwa naandika hapa.

Ukiwa na eneo kubwa ambalo mikono haitoshi ndo tunaongelea dawa, na hapo piga likiwa bado sahani chini. Kwenye mahindi au malisho ya nyasi kuna dawa za aina ya 2,4-D ambazo zinaua majani mapana na kuacha nyasi, ila ukipuliza siku ya upepo maharage na nyanya za jirani zinajikunja mnaanza kesi nyingine, kwaiyo soma kibandiko na muulize afisa ugani wa kata kabla hujajaza pampu. Na pale ulipong'oa usipaache wazi, panda kitu kinachofunika udongo haraka. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa Arusha walijaribu kulishindanisha na fiwi na desmodiamu (zote jamii ya kunde) wakaona linadumaa, nami fiwi nimeipanda kwangu na ng'ombe anaila, ndo maana naipenda. Gugu hili linapenda ardhi iliyochoka na iliyolishwa mpaka ikabaki vumbi, palipo na nyasi nzito linapata tabu.

Bwana Shamba, mimi nang'oa kwangu kila wiki lakini kiwanja cha pembeni mwenyewe yuko Dar, hajafika miaka mitano, gugu limejaa limepita ukuta. Sheria inasemaje? Naweza kuingia nikang'oa? – Msomaji wa siku nyingi, Usa River

Sheria ipo. Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020 ndo iliyounda ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ofisi zao kuu ziko Ngaramtoni pale pale ilipokuwa TPRI, ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Na kisheria visumbufu vya mimea siyo viwavijeshi na nzige peke yao, gugu nalo linaweza kuwa kisumbufu. Sasa kwa mtu wa kawaida huanzi na TPHPA, unaanza na mwenyekiti wa mtaa na afisa ugani wa kata, ripoti kwa maandishi na picha, waulize kama halmashauri ina sheria ndogo ya usafi wa viwanja maana mara nyingi hiyo ndo inayombana mtu haraka kuliko sheria kubwa.

Kuingia kwenye kiwanja cha mtu bila ruhusa sikushauri hata kama nia ni njema. Mpigie kwanza. Msomaji mmoja wa Tengeru aliniambia jirani yake wa Dar alivyotumiwa picha ya gugu limefunika bikoni alituma hela ya vibarua siku hiyo hiyo, kumbe hofu yake ilikuwa mtu asije akamwambia kiwanja kimetelekezwa. Tumia hiyo.

Wakati unasubiri, tengeneza mstari wa mita mbili tatu ndani ya mpaka wako ambao hata mche mmoja hauachi, na kama maji ya mvua yanatoka kwake kuja kwako chimba mtaro yapite pembeni.

Je huku upande wa Kenya ni hivyo hivyo? Tuko Namanga, mifugo inavuka huku na huku. – Mama Naserian

Mama, gugu halina pasipoti. Huko kwenu liliwekwa rasmi kwenye orodha ya magugu hatari mwaka 2010 chini ya ile sheria ya zamani ya kudhibiti magugu, Sura ya 325, ambayo inamtaka mwenye ardhi ayaondoe, na mkaguzi anaweza kumpa notisi. Muone afisa kilimo wa kaunti. Kwenye zizi, mifugo ikitoka sehemu yenye gugu lililokomaa ikae siku moja mbili sehemu moja kabla haijaingia malisho safi, alafu hapo ilipolala ndo unapachunga kila mvua.

Mimi nipo Mwanza. Magugu maji ziwani tuliletewa wadudu wakayala, kwa nini hili la Arusha wasilete wadudu? – Mvuvi mstaafu

Swali la mtu aliyeona mambo. Kweli, wale fukusi walioachiwa Ziwa Viktoria miaka ya 90 walifanya kazi, ingawa hali ya hewa ya ile El Niño ya 1997 na 1998 nayo ilichangia, na magugu maji yenyewe hayakuisha, mnayaona yanarudi.

Kwa gugu karoti mdudu yupo, mbawakawa mdogo wa Mexico mwenye michirizi ya kahawia mgongoni, anakula majani mpaka unabaki mti mtupu. Australia walimwachia mwaka 1980, India mwaka 1984, na Afrika Kusini na Ethiopia nao wameshamtumia. Ila mdudu kama huyo lazima afanyiwe majaribio kwanza asije akahamia mazao, India palitokea kelele kubwa alipoonekana kwenye alizeti, na sisi tunalima alizeti. Kwaiyo ni kazi ya serikali na watafiti, kwa kibali. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu ameniuliza akiwa safarini kama anaweza kubeba kwenye chupa. Hapana!

Ethiopia wana sababu ya kuhangaika hivyo, mtama usiopaliliwa uliovamiwa na gugu hili ulipimwa ukakutwa umepoteza hadi asilimia 97 ya mavuno. Waoromo wamelipa jina ambalo maana yake ni kama kusaini kuachia shamba.

Sisi Kahe shida yetu siyo gugu karoti ni mrashia. Tumekata, tumechoma, unarudi. Mbuzi wanapenda matunda yake. – Vijana wa Kahe

Mrashia, ule mti wa miiba, nao una kesi yake na siku moja nitaupa ukurasa wote. Kwa kifupi, mbuzi ndo anayeupanda. Anakula maganda matamu, mbegu inapita tumboni nzima na inatoka na mbolea yake. Wenzenu wa Baringo Kenya wanauita mathenge, uliletwa huko miaka ya 80 mwanzoni kwa nia njema kabisa ya kuni na kuzuia jangwa, na mwaka 2006 wananchi wakaipeleka serikali mahakamani Nairobi na wakamleta mbuzi aliyeng'oka meno kwa sukari ya yale maganda awe ushahidi. Miaka miwili baadaye ukatangazwa rasmi kuwa gugu hatari.

Mkikata juu ya ardhi unachipua, lazima mchimbe mkate chini ya pale shina linapoungana na mizizi, au mkikata mpake dawa kwenye kisiki hapo hapo kabla utomvu haujakauka, mkisubiri mpaka kesho mmepoteza dawa. Miche midogo ing'oeni kwa mkono baada ya mvua. Maganda yaokoteni myasage yawe unga ndo mlishe, kusaga kunavunja mbegu. Na mkaa wake ni mzuri, kama mtafuata taratibu za misitu kazi hii inaweza kujilipa yenyewe kidogo.

Bwana Shamba mambo. Mimi napamba kumbi. Kuna haya maua meupe madogo ya bure kando ya barabara nayatumia kujazia kwenye boke la bibi harusi, yanapendeza kwa kweli. Juzi bibi harusi alipiga chafya kuanzia kanisani mpaka kwenye keki. Yanahusiana? – Fundi mapambo

Yanahusiana sana tu. Hauko peke yako, Pakistan nako wauza maua wanayatumia hivyo hivyo, lakini mdada wa watu umempa gugu karoti alishikilie karibu na pua siku nzima na picha zote ametoka macho mekundu. Mpigie umwombe radhi. Kwa kazi inayofuata tafuta maua mengine meupe ya kujazia, huku Arusha mashamba ya maua yapo na mabaki yao hayana bei kubwa. Na yale uliyotumia juzi, kama bado yapo kwenye ndoo huko stoo usiyamwage jalalani nyuma ya ukumbi, yakatie kiroba uyafunge, uyachome yakishakauka, alafu hapo nyuma ya ukumbi upite tena mvua zikianza uangalie kama kuna sahani za kijani chini.